Nyonga imefunguka, presha inashuka, na rufaa iko mbali: hospitali ya wilaya ipange vipi saa ya kwanza?

AMO_Wilayani

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa karatasi moja ya kubandika ukutani chumba cha dharura kwa ajili ya majeruhi wa nyonga: dereva wa bodaboda aliyebamizwa na fuso, fundi aliyeanguka kutoka ghorofani, mtembea kwa miguu aliyebanwa ukutani na gari. Kuhusu kifua na kichwa tumeshaelewana. Kwenye nyonga tumegawanyika. Upande mmoja unasema weka dripu, ita gari la wagonjwa, peleka rufaa mara moja kwa sababu hatuna daktari wa mifupa. Upande wa pili unasema mgonjwa mwenye presha ya 70 hafiki.

Tulichonacho: eksirei, altrasaundi, chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya akina mama, chupa sita hadi kumi za damu kwenye friji siku ikiwa nzuri, ketamini (dawa ya usingizi na maumivu), asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu). Hatuna sitiskani (mashine ya picha za kina za ndani ya mwili) wala mikanda ya nyonga ya kiwandani. Hospitali ya kanda ni mwendo wa saa tatu na nusu, na kipande cha njia ni vumbi.

Naomba wenye uzoefu mtusaidie mambo haya: tunafunga nyonga kwa nini na namna gani, damu na dawa zipangweje, mpira wa mkojo tuweke au tusiweke, na nani apelekwe rufaa moja kwa moja, nani apite kwanza kwenye kisu.

DharuraSaa24

Mkuu, karatasi yenu ianze na jambo moja: mgonjwa huyu anakufa kwa damu ambayo hakuna anayeiona. Haimwagiki sakafuni, na mara nyingi haimo tumboni pale altrasaundi inapoangalia. Inakusanyika nyuma ya utando wa tumbo, na nafasi ile inameza lita kadhaa kabla tumbo halijaonyesha dalili. Takriban asilimia 80 hadi 90 ya damu hiyo inatoka kwenye vena zilizo mbele ya sakramu (mfupa wa nyuma wa nyonga, chini ya uti wa mgongo) na kwenye mfupa wenyewe uliovunjika. Sehemu ndogo ni ya ateri. Vena zina msukumo mdogo. Ukiurudisha mduara wa nyonga mahali pake na kuliacha bonge la damu litulie, nyingi zinajiziba. Ukimgeuzageuza mgonjwa unalibandua bonge hilo na uvujaji unaanza upya.

Kwa hiyo fungeni kabla ya picha. Ajali ya nguvu kubwa, pamoja na presha chini ya 90, au maumivu ya nyonga au kinena, au mguu mmoja umefupika na kugeukia nje, au mgonjwa hana fahamu za kutosha kujieleza: hiyo inatosha. Msisubiri eksirei. Na ile desturi ya kuishika nyonga kwa mikono miwili na kuikandamiza na kuifungua ili kuona "kama inacheza" ifutwe kabisa. Haiaminiki kama kipimo, na kila ukiifungua unalibandua bonge la damu kwa mikono yako mwenyewe.

Kuhusu watu: usiku wilayani mtakuwa wanne au watano, na wanatosha ikiwa kila mmoja anajua mahali pake kabla mgonjwa hajashushwa. Kiongozi anasimama miguuni pa kitanda, hashiki mgonjwa, anaona wote. Mmoja yuko kichwani: njia ya hewa, oksijeni, shingo, kuongea na mgonjwa. Mmoja upande wa kulia, na kazi yake ya kwanza ni mkanda. Mmoja upande wa kushoto: kanula (mirija ya kwenye mshipa) na sampuli za damu. Wa tano anaandika saa na dozi ubaoni, na ndiye anayekimbilia damu. Mkiwa wanne, kiongozi ndiye anayeandika. Saa ya ajali iandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa, kwa sababu dawa mojawapo inategemea saa hiyo. Fomu ya polisi ya PF3 itafuata baadaye, matibabu hayaisubiri.

Kanula ziwe mbili, nene, kijivu au rangi ya chungwa, na ziwe mikononi. Hapa watu wengi hukosea. Ukiweka kwenye mguu au kinenani, damu unayompa inapita kwenye vena zilezile za nyonga zilizochanika na kuishia kwenye shimo. Ikishindikana mkononi, sindano ya kwenye mfupa iwekwe begani, kwenye kichwa cha mfupa wa mkono, siyo chini ya goti.

Asidi ya traneksamiki: gramu 1, yaani ampuli mbili za miligramu 500, ndani ya mililita 100 za salaini, iishe kwa dakika 10. Kisha gramu nyingine 1 kwa saa 8. Mkiiweka kwenye chupa ya mililita 500 na seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 21 kwa dakika. Dozi ya kwanza iingie ndani ya saa 3 tangu ajali, na ndani ya saa ya kwanza ni bora zaidi. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba ikianzishwa baada ya saa 3 vifo vya kuvuja damu viliongezeka. Aliyeletwa baada ya saa tano kutoka kijijini asipewe.

Salaini: mililita 250, pima, rudia tu kama mapigo ya mkononi hayashikiki na damu bado haijafika. Lengo ni presha ya juu ya 80 hadi 90 mpaka damu izuiliwe. Lita tatu za salaini ya baridi zinazimua vigandishi vya damu, zinashusha joto na kuongeza asidi mwilini, halafu watu wanashangaa damu yake imekuwa kama juisi. Ila akiwa na jeraha kubwa la kichwa, msikae kwenye 80. Ubongo unahitaji 110 au zaidi, na hapo damu iingie haraka zaidi.

SistaWaMajeruhi

Nimshukuru daktari hapo juu. Niongeze ufungaji wenyewe, maana karatasi nyingi zinaandika "funga nyonga kwa shuka" zikaishia hapo, na shuka linawekwa mahali pasipo.

Wengi wanafunga pale mkanda wa suruali unapokaa, kwenye kingo za juu za nyonga. Ni juu mno. Ukibana pale, sehemu ya chini ya mduara inaweza kufunguka zaidi. Mahali pake ni kwenye trokanta, ile nundu ya mfupa wa paja iliyo ubavuni, usawa wa kiungo cha kinena. Kuipata: weka kiganja ubavuni juu ya paja upande usioumia, mwenzako ageuze mguu huo taratibu ndani na nje, utaihisi nundu inabingirika chini ya kiganja. Katikati ya kitambaa ipite hapo. Ukifunga vizuri utaona mkanda uko chini kuliko macho yako yalivyotarajia, karibu unagusa sehemu za siri. Kwa mwanamume hakikisha korodani hazijabanwa.

Kitambaa kisivutike. Shuka la pamba la hospitali ni zuri. Khanga pia inafaa, na ndiyo mara nyingi ipo: pamba ngumu, urefu wa kama mita 1.5, inazunguka mtu wa kawaida na kubakiza ncha za kushika. Kwa mtu mnene tumia doti ambayo haijakatwa. Bandeji ya mpira hapana.

Kata nguo zote kwanza, toa simu, funguo na sarafu mfukoni. Kitu kigumu chini ya mkanda kinatoboa ngozi ndani ya saa chache. Kunja kitambaa kiwe na upana wa sentimita 25 hivi, kisiwe na mikunjo. Kipitishe chini ya magoti, pale penye uwazi, kisha watu wawili wakivute kwenda juu kwa kukisogeza kushoto na kulia kidogo kidogo kama msumeno mpaka kifike trokanta. Mgonjwa hageuzwi ubavu. Kabla ya kukaza, mwenzenu ageuze miguu yote miwili kwa ndani, vidole vya miguu vitazamane, aifunge pamoja: taulo katikati ya magoti, bandeji kuzunguka magoti na nyingine kwenye vifundo. Hatua hii peke yake inafunga nyonga kwa kiasi kikubwa, na inasahaulika kila siku.

Halafu watu wawili, kila mmoja upande wake, wapishanishe ncha mbele na kuvuta kwa pamoja, kila mtu kuelekea kwake. Msipige fundo. Fundo likikazwa linateleza sentimita mbili tatu, na zile ndizo mlizokuwa mnazitafuta. Sokotoeni ncha mara moja mbele huku mvutano haujalegea, mtu wa tatu abane msokoto kwa koleo nne za Kocher au koleo za shuka za chumba cha upasuaji, mbili kila upande, mipini ikielekea nje ili isimchome tumboni. Bandika plasta juu ya koleo, andika saa ya kufunga kwenye plasta hiyohiyo.

Baada ya hapo hakuna kufungua "tuone". Kila baada ya saa mbili pitisha vidole pembeni, angalia ngozi ya ubavuni na sakramu, pima mapigo na joto la miguu. Mkanda usizidi saa 24. Kabla ya hapo awe amepata fiksata (vyuma vya nje vya kushikilia mfupa) au upasuaji wa kudumu. Na kumhamisha kitandani ni kwa kunyanyuliwa sawasawa na watu sita au kwa machela ya kugawanyika. Mgongo ukihitaji kukaguliwa, nyuzi 15 tu zinatosha kupitisha mkono.

AMO_Wilayani

Ahsante sana sista, ile ya koleo badala ya fundo tumeiandika tayari. Swali: aliyegongwa ubavuni, nyonga yake imesukumwa kwa ndani, haijafunguka. Tukimkaza na shuka si tunaisukuma zaidi? Na eksirei ikitoka safi baada ya kufunga, tufungue?

DharuraSaa24

Swali zuri, na ndilo linalowafanya wengine waogope kufunga kabisa.

Ndiyo, yapo mavunjiko ya kubanwa kutoka ubavuni. Pia yapo ya kufunguka mbele kama kitabu, na ya kupanda juu kwa aliyeanguka kutoka juu na kutua kwa mguu mmoja. Mlangoni huwezi kuyatofautisha kwa mkono. Lile la kufunguka ndilo linalofaidika zaidi na mkanda, na pia lipo kwenye orodha ya yale yanayoua haraka, hivyo funga wote. Tofauti iko kwenye nguvu. Lengo ni kuirudisha nyonga kwenye umbo lake na kuituliza, si kuikamua. Vuta mpaka magoti na vidole vya miguu vitazamane kawaida, kisha simama. Picha ikionyesha upande mmoja umeingia ndani, legeza kidogo ubaki umeshikilia tu. Mguu uliofupika kwa kupanda juu unahitaji mvuto pia: pini kwenye mfupa wa paja juu ya goti, uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili, ikiwa mna mwenye ujuzi wa kuiweka. Kama hamna, mkanda na kufunga miguu, basi.

Kuhusu eksirei safi: muwe waangalifu mno. Mkanda uliowekwa vizuri unaweza kuificha nyonga iliyofunguka ikaonekana nzima kabisa. Picha iliyopigwa ndani ya mkanda inasema "mkanda umefanya kazi" au "hakuna kitu", na huwezi kujua ni ipi. Akiwa imara, presha nzuri bila damu, legezeni mbele ya daktari, pigeni picha ya pili, kisha amueni. Akiwa si imara, mkanda haufunguliwi kwa sababu ya picha yoyote. Kwenye picha isiyo na mkanda, kiungo cha kinena kikiachana zaidi ya sentimita 2.5, kano za nyuma zimeguswa na hatari ya damu ni kubwa.

Jambo la mwisho upande wangu: usingizi. Misuli ya tumbo na nyonga ya mgonjwa aliye macho inasaidia kubana. Ukimpa dawa ya kulegeza misuli, msaada huo unaondoka kwa sekunde. Mkanda uwe umeshafungwa, damu iwe inaingia, ndipo alazwe usingizi. Ketamini kwa mgonjwa wa mshtuko ni nusu hadi miligramu 1 kwa kilo, siyo 2. Kwa maumivu tu, miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, polepole.

MaabaraNaDamu

Niseme ya damu, maana hapo juu imetajwa kwa haraka.

Simu ya maabara ipigwe mkanda unapofungwa, isisubiri majibu ya hemoglobini. Hemoglobini ya kwanza ya anayevuja damu inaweza kuwa 12 na bado akafa ndani ya saa mbili, kwa sababu anapoteza seli na maji kwa pamoja. Kipimo hicho ni cha kulinganisha na cha pili. Mapigo, presha, ubaridi wa viganja na mkojo vinasema kweli mapema zaidi.

Mpango wa damu tunaoupendekeza kwa wilaya: chupa mbili za kundi O zisizosubiri vipimo vya kulinganisha ziwe zimetengwa na zimewekwa alama. Mwanamume, na mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, apewe O chanya bila wasiwasi. Msichana na mwanamke wa umri wa kuzaa apewe O hasi ikiwepo. Kwetu O hasi ni adimu. Ikiwa haipo na mgonjwa anakwisha, apewe O chanya. Tatizo la kingamwili kwa mimba za baadaye linaweza kushughulikiwa, kifo hakishughulikiwi. Sampuli ichukuliwe kabla chupa ya kwanza haijaanza. Ndani ya dakika 10 hadi 15 maabara iwe imeshatoa kundi, mhamie kundi lake. Ulinganishaji kamili ni kama dakika 45, na huo ni wa chupa zinazofuata.

Kama friji yenu ina damu nzima, ambayo haijagawanywa, mwekeeni huyu. Ina seli na plazima (maji ya damu yenye vigandishi) kwenye mfuko mmoja, mililita 450, na haichanganyi hesabu. Wenye seli pekee wajitahidi kuoanisha: chupa moja ya seli kwa moja ya plazima. Kutoa seli sita na salaini katikati ni kuzimua vigandishi vyake vyote.

Sitreti, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyo kwenye mfuko wa damu, inakamata kalsiamu ya mgonjwa, na bila kalsiamu damu haigandi na moyo unalegea. Toeni kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30, yaani ampuli tatu, taratibu kwa dakika 10, mara baada ya chupa ya kwanza, kisha tena kila baada ya chupa nne. Ipite kwenye kanula tofauti na ya damu, la sivyo damu itaganda ndani ya mpira. Na msiichanganye na antibiotiki ya seftriaksoni kwenye mpira mmoja, zinatengeneza chembe.

Joto: mfuko wa damu usitumbukizwe kwenye maji ya moto wala kuwekwa juu ya hita, seli zinapasuka, na anayepewa damu iliyopasuka anaongezewa tatizo. Kama hakuna kifaa cha kupasha, mpasheni mgonjwa: nguo zenye maji zitoke, blanketi juu na chini, feni na kiyoyozi vizimwe.

Hamna vipimo vya kuganda? Kile cha dakika 20 tunachotumia kwa walioumwa na nyoka kinasaidia hapa pia kupata picha ya haraka. Mililita 2 za damu kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, isiyo na dawa, isiguswe dakika 20, kisha iinamishwe mara moja. Ikimwagika kama maji, mgonjwa hana vigandishi na damu nzima mbichi ndiyo inayotakiwa. Chupa ya plastiki au iliyooshwa kwa sabuni inadanganya.

MpasuajiMkoani

Nasoma kwa furaha, wengi wameshanimalizia. Nijibu lile la rufaa au kisu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotea.

Baada ya mkanda, traneksamiki na chupa mbili za damu, kiongozi asimame na kuangalia. Inapaswa kuwa dakika ya 30, siyo saa ya pili. Presha imekaa 90 au zaidi na mapigo yanashuka: huyo ni wa rufaa, na damu iende naye garini. Presha imepanda kisha imeshuka tena, au haikupanda kabisa: huyu anavuja sasa hivi. Umpandishe gari saa tatu na nusu, utafikisha maiti.

Kwa huyu wa pili tafuteni damu iko wapi. Kifua, kwa altrasaundi au picha. Mapaja. Nje, mgongoni na msambani. Tumbo, kwa altrasaundi ya haraka ya kutafuta maji, iitwayo FAST. Kumbukeni mipaka yake: FAST haioni nyuma ya utando wa tumbo, na maji inayoyaona yanaweza kuwa mkojo wa kibofu kilichopasuka. Lakini kwa mgonjwa asiye imara, maji tumboni yanamaanisha kufungua tumbo, na wakati huohuo kujaza mopu (vitambaa vikubwa vya upasuaji vya kubana damu) kwenye nyonga. FAST ikiwa haina maji, kifua kikawa safi, na presha bado ni 70, jazeni mopu kwenye nyonga.

Kujaza mopu huku kwa njia ya mbele ya utando kunawezekana kwa mtu anayefanya upasuaji wa kujifungua kila wiki. Unaingia mahali unapopafahamu. Chale ya katikati, sentimita 6 hadi 8, kuanzia kiungo cha kinena kwenda juu. Pasua ngozi, mafuta na utando mgumu wa katikati, kisha SIMAMA: utando wa tumbo haufunguliwi. Mara nyingi utakuta damu imeshakutengenezea nafasi yenyewe, kibofu kimesukumwa nyuma. Sukuma kibofu upande wa pili kwa kiganja, pitisha vidole kufuata ukingo wa ndani wa mfupa kuelekea nyuma hadi karibu na kiungo cha sakramu. Usichimbe kutafuta mshipa. Mopu kubwa ya kwanza iende kule nyuma kabisa, kwa koleo refu. Ya pili mbele yake. Ya tatu nyuma ya mfupa wa kinena, pembeni ya kibofu. Tatu upande huu, tatu upande wa pili, hata kama mfupa umevunjika upande mmoja. Funga utando mgumu kwa uzi mmoja unaoendelea, funga ngozi. Mikono iliyozoea inamaliza chini ya dakika 20.

Yanayoharibika. La kwanza, mkanda umefunguliwa ili kupata nafasi ya kupasua: mopu hazina ukuta wa kubania, zinaelea tu. Mkanda unabaki, utasogezwa sentimita moja mbili kwenda chini, na kinena kitapakwa dawa juu yake. La pili, utando wa tumbo umechanika na mopu zinatelezea tumboni. Ushone haraka kwa uzi unaoyeyuka, endelea. La tatu, tumbo limefunguliwa kutoka juu kwa chale moja ndefu mpaka kinenani, na lile bonge la nyonga likapata njia ya kutokea. Kama tumbo linahitaji kufunguliwa, chale yake iishie chini ya kitovu, na ya nyonga iwe peke yake. Ukilikuta bonge la nyonga kutoka ndani ya tumbo, liache. La nne, na ndilo linaloumiza zaidi: uamuzi unachukuliwa baada ya chupa ya nane, mgonjwa ana nyuzi joto 33 na damu haigandi tena. Hapo mopu hazisaidii kitu.

Usingizi wa mgongo marufuku. Najua mtaalamu wa usingizi wa wilaya ameuzoea kwa akina mama, lakini kwa mtu wa mshtuko unafungua mishipa ya chini yote na moyo unasimama mezani. Ketamini kwa dozi iliyotajwa. Ngozi ipakwe dawa, vitambaa vitandazwe, mpasuaji awe na kisu mkononi, ndipo apewe usingizi.

Andikeni "mopu 6" kwenye faili, kwenye karatasi ya rufaa, na kwenye plasta juu ya kidonda. Zinatolewa baada ya saa 24 hadi 48, mgonjwa akiwa amepata joto na damu inaganda, na zitatolewa na hospitali nyingine isiyowajua. Kuzijaza mara ya pili kunaongeza maambukizi, hivyo msizitoe mapema kwa haraka. Pigeni simu mapema hospitali inayopokea: anayeendelea kuvuja baada ya mopu huenda ana ateri inayohitaji kuzibwa kupitia mrija wa ndani ya mshipa, na huduma hiyo iko sehemu chache, Muhimbili ni mojawapo.

AMO_Wilayani

Dkt., hii ya chale kuishia chini ya kitovu imemaliza ubishi mkubwa hapa. Umesahau mpira wa mkojo. Na wagonjwa wenye kidonda msambani?

MpasuajiMkoani

Kweli. Kabla ya mpira wowote, angalieni: tone la damu kwenye tundu la uume, msamba na mfuko wa korodani uliovilia damu kama mabawa ya kipepeo, mgonjwa anahisi kibofu kimejaa lakini hawezi kukojoa. Hizo ni dalili za mrija wa mkojo kukatika. Jaribio moja la upole, la mwenye uzoefu kuliko wote waliopo, kwa mpira laini wa silikoni namba 16, linakubalika. Moja. Likigoma, usisukume, na usijaze puto kama mkojo haujatoka. Puto lililojazwa ndani ya mrija linamalizia kukata kilichobaki. Hapo kibofu kitolewe mkojo kwa mrija wa juu ya kinena. Mkifika kwenye kujaza mopu, wekeni mrija huo kwa macho, na upite mbali na pale daktari wa mifupa atakapohitaji kuweka sahani ya chuma ya kuunga mfupa baadaye. Mpira ukipita na mkojo ukawa na damu nyingi, kibofu ni mtuhumiwa.

Kidonda: kila mgonjwa wa nyonga apimwe kwa kidole njia ya haja kubwa, na kila mwanamke apimwe ukeni, kwa upole, mara moja. Damu kwenye glavu ina maana mfupa umetoboa, na hilo ni vunjiko la wazi hata kama ngozi ya nje ni nzima. Likikosekana siku ya kwanza, siku ya nne ni usaha ndani ya nyonga. Seftriaksoni gramu 2 na metronidazoli miligramu 500 ndani ya saa ya kwanza, chanjo ya pepopunda, kidonda kijazwe gozi lenye salaini na kubanwa. Kikiwa karibu na njia ya haja kubwa, utumbo mpana utatolewa nje mapema, ndani ya siku moja mbili, lakini siyo usiku wa kwanza wakati bado anavuja.

Mjamzito: mambo ni yaleyale, mkanda kwenye trokanta chini ya tumbo, na kitanda chote kiinamishwe kushoto nyuzi 15. Ukimwinamisha mwili peke yake unapinda nyonga.

SistaWaMajeruhi

Kwa walioko kwenye gari: muuguzi anayesindikiza akae upande wenye kanula, siyo mbele na dereva. Abebe chupa mbili za damu kwenye kisanduku cha baridi, dozi ya pili ya traneksamiki ikiendelea, ketamini iliyovutwa na kuandikwa, oksijeni iliyopimwa kwa muda wa safari na nusu yake ya ziada, na koleo mbili za akiba. Kwenye barabara ya vumbi mwambieni dereva apunguze. Kila rasta ni mtikisiko kwa lile bonge.

Kila dakika 15 presha, mapigo, na mkono juu ya koleo kuona kama msokoto haujalegea. Ukilegea, msifungue. Shuka la pili lipite juu ya la kwanza, likazwe, ndipo koleo za kwanza zitolewe. Kwenye karatasi ya rufaa ziandikwe saa nne: ya ajali, ya mkanda, ya traneksamiki, na ya kuwekwa mopu.